Swali la Saba

Makambako,
9 Machi 2025

Kwako Shangazi Priska,

Shikamoo, na kamwene. Natumaini Njombe mmeamka salama na masikio hayajakuzidi. Huku hatujambo, vumbi la malori tu ndilo linatumaliza. Kaka Aron anakusalimu. Jasmine mkewe amejifungua mtoto wa kike wiki mbili zilizopita, wamemwita Anneth. Ana nywele nyingi mpaka wauguzi walicheka.

Najua utauliza kwa nini sitaki kupiga simu kama watu. Si wewe uliyesema simu haisikiki na maandishi yake ni ya sisimizi? Basi nimerudi kwenye karatasi. Barua hii nampa kondakta wa Kosta, ataiacha kwa Idda pale anapouza viazi stendi.

Sasa jambo lenyewe. Miti ya baba imekatwa. Walianza Jumatatu, Ijumaa shamba lilikuwa jeupe. Unakumbuka alivyokuwa akisema aliipanda mwaka niliozaliwa, kila mwaka tukapimwa mimi na msindano mmoja wa pale mwanzoni. Nilisimama kati ya visiki nikalia kidogo, kisha nikaona aibu mbele ya wapasua mbao. Aron amekubali sehemu yangu yote iende kwenye meno. Ninakwenda India, shangazi. Wanatoboa mfupa wa taya, wanaweka skrubu ndogo, mfupa unaishika, halafu jino linafungwa juu yake. Halivuliwi. Si kama haya ya bandia ninayovaa, ambayo mwaka jana yalidondoka kwenye kikombe cha chai mbele ya mwalimu mkuu.

Unajua kwa nini nina haraka. Tangu wazazi walalamike kwamba watoto wa darasa la kwanza wanarudi nyumbani wakitamka herufi kama mimi, nimehamishiwa darasa la tano, hesabu. Mimi si mwalimu wa hesabu. Ni mwalimu wa darasa la kwanza kama ulivyokuwa wewe, na nataka darasa langu. Nina miaka thelathini na moja na sikumbuki siku niliyocheka bila kuziba mdomo kwa mkono.

Ugumu uko kwenye kupanga nikae muda gani. Daktari wa kule ninayeandikiana naye amenipa njia mbili. Ya kwanza ni safari mbili fupi: siku kumi na mbili likizo ya Juni za kuweka skrubu, narudi nyumbani mfupa ushike, kisha siku kumi likizo ya Desemba za kufunga meno. Ya pili ni kukaa kulekule miezi mitano mfululizo. Hiyo ni ya mtu ambaye taya lake liliwahi kuharibika, kwa sababu wanaanza kwa kutoa mfupa sehemu nyingine ya mwili na kuujaza hapo. Miti ya baba inatosha njia moja tu. Nikishachagua, nimechagua.

Kuna fomu ya maswali ishirini, nimejaza kumi na tisa. Swali la saba linauliza: Je, taya la mgonjwa liliwahi kuumia, kuchimbwa au kutunga usaha utotoni? Mimi najua kile mlichoniambia, kwamba nilipata homa ya fizi nikiwa mchanga na meno ya mbele ya chini hayakuota. Baba hayupo, mama hayupo. Wewe ndiye uliyenilea miezi ile mama alipolazwa. Niandikie ilikuwaje ili na mimi niandike.

Wako,
Rejoice


Njombe,
30 Machi 2025

Mwanangu Rejoice,

Marahaba, kamwene. Barua yako nimeipata. Nilitaka kuirudisha na kalamu nyekundu, maana umesahau nukta mara nne, mwalimu mzima. Mpe hongera Jasmine. Mwambie asimtoe mtoto nje bila kofia, baridi ya mwaka huu imewahi kuja.

Mimi nipo. Sikio la kushoto limefunga kabisa, la kulia linasikia kengele ya kanisa na mbwa wa jirani. Viazi vimekubali. Parachichi nazo zimezaa mpaka matawi yamelala chini, njoo uchukue, ni chakula kisichokusumbua kutafuna. Kwaya ya akina mama wameniweka mstari wa nyuma kwa sababu naimba wakiwa wamemaliza.

Habari ya miti imeniuma na imenifurahisha. Kaka yangu Obed aliipalilia kwa mkono. Angekuwa hai angekubali. Kuhusu muda wa kukaa, mimi nasema usikae sana ugenini. Miezi mitano ni mingi kwa binti peke yake, chakula chenyewe pilipili tupu, na darasa litachukuliwa na mwingine. Siku kumi na mbili zinatosha. Beba kitenge cha kujifunika kwenye ndege, na usinywe maji ya bomba. Pasi yako ya kusafiria iweke kwenye begi la shingoni. Usimpe mtu yeyote akushikie, hata awe amevaa tai.

Nimekufumia sweta, bado mkono mmoja. Mengine tutaongea ukija.

Shangazi yako,
Priska


Makambako,
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto anaongezeka. Ahsante kwa ushauri wa tai na maji ya bomba.

Idda ameniambia barua yangu uliichukua siku ileile ilipofika. Umekaa nayo wiki tatu. Umeniandikia viazi, parachichi, kwaya na mbwa, na swali la saba halimo. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Daktari ameniandikia tena. Anasema picha niliyopiga huku inaonyesha kwamba meno hayapo, haionyeshi mfupa una unene gani. Hiyo atapima nikifika. Kwa hiyo anategemea swali hili kupanga siku zangu. Mwalimu mkuu naye amesema nikitaka ruhusa ndefu niombe kabla Aprili haijaisha, baada ya hapo hawezi kunisaidia.

Sihitaji hadithi nzima kama inakuchosha. Kama ni ndiyo, andika ndiyo tu, wala sitauliza zaidi. Kama ni hapana, andika hapana.

Rejoice


Njombe,
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mafua, halafu tukawa na msiba wa mzee Clemens wa hapo bondeni. Mvua zinaelekea kuisha.

Andika hapana. Ilikuwa homa ya fizi kama nyingine, ikapita.

Sweta nimelimaliza, nimempa Idda akutumie. Mkono wa kulia ni mrefu kidogo, ukunje. Nakuombea kila asubuhi.

Priska


Makambako,
6 Julai 2025

Shangazi Priska,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Nimerudi tangu wiki iliyopita na nimekuta huku baridi inang'ata mpaka nikalikumbuka sweta lako, nililolivaa kule hospitalini watu wakanishangaa, maana nje lilikuwa joto la kuchemsha maji. Anneth mdogo sasa anageuka mwenyewe. Aron anasema ameanza kufanana na wewe, hasa akinuna.

Nikueleze yaliyotokea. Siku ya tatu walinipima kwa mashine inayozunguka kichwa. Daktari aliniita, akaniwekea picha mezani. Mfupa wa mbele ni mwembamba kama ganda, na una mistari. Akaniuliza, ni nani aliyechimba hapa? Nikamwambia hakuna, ni homa. Akauliza tena kwa upole. Nikamwambia shangazi yangu ndiye aliyenilea, ni mwalimu, ameandika hapana. Akafunga picha.

Akasema nirudi nyumbani, nijipange upya kwa miezi mitano au zaidi. Shangazi, nirudi nijipange na nini? Miti imeshakwenda, tiketi ya Desemba imeshalipiwa na haibadilishwi, ruhusa sina. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikamwomba ajaribu hivyohivyo. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaniletea karatasi inayosema nimeelezwa hatari na nimekubali, nikasaini. Ameweka skrubu nne.

Sasa ninazo. Nikipitisha ulimi nazigusa. Kuna maumivu lakini wamesema ni kawaida. Natumia uji, supu na parachichi zako. Desemba narudi kufungiwa meno. Wakati mwingine najikuta nimesimama mbele ya kioo nikitamka herufi zote, a mpaka z, kwa ajili ya Januari.

Wako,
Rejoice


Njombe,
9 Julai 2025

Rejoice mwanangu,

Marahaba, marahaba! Nimesoma barua yako nimesimama palepale kwenye viazi vya Idda, nikashindwa kusubiri kufika nyumbani. Yeye naye akaanza kulia bila kujua ni kitu gani. Jumapili natoa shukrani kanisani, kuku na debe la viazi.

Hao madaktari na picha zao usiwasikilize sana, wanapenda kutisha watu. Umeona, skrubu zimeingia. Desemba ukirudi pitia kwangu kwanza. Nitakuchomea mahindi ya kule mtoni yanayowahi, uyang'ate mbele yangu.

Shangazi yako mwenye furaha,
Priska


Njombe,
14 Septemba 2025

Mwanangu,

Kamwene. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Idda amenionyesha kapu lake akaapa hakuna kitu. Hata mstari mmoja. Unaumwa?

Priska


Makambako,
19 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako zote tatu nimezipata. Sikuwa na la kuandika.

Skrubu ya kwanza ilianza kucheza mwishoni mwa Julai. Nilidhani ni mimi, nikaacha kuigusa. Agosti ukaja uvimbe, kisha usaha, harufu yake nikiwa darasani niliisikia mwenyewe. Watoto wa mbele wakahamia nyuma bila kuambiwa. Zilitoka mbili zenyewe, moja kwenye mto wa kulalia na nyingine nikiwa naosha uso. Mbili za mwisho nilitolewa hospitali na kipande cha mfupa kikaja nazo. Daktari wa India ameandika nisije Desemba, hakuna pa kufunga jino. Anasema maradhi yalikuwa humo siku nyingi, yamelala, na angejua tangu mwanzo angeyasafisha kwanza na kunikalisha miezi.

Meno ya bandia nayo hayakai tena. Hayana pa kushika.

Pale nilipotolewa zile mbili kulikuwa na muuguzi mtu mzima, anaitwa Letisia. Alinifungua mdomo, akaangalia, akaniuliza taratibu kama nilitolewa meno ya plastiki. Nikamuuliza, hayo ni kitu gani? Akanieleza kwamba miaka ile mtoto mchanga akihara na kupata homa, watu walibonyeza fizi, wakaona kijino cheupe ambacho hakijaota, wakasema hilo ndilo linaloua. Wakawa wanalichimbua kwa spoku ya baiskeli. Nikamwambia haiwezekani, shangazi yangu alikuwa mwalimu. Akaniwekea pamba.

Nilikuuliza mara mbili kwa maandishi. Nilikwambia neno moja tu linatosha.

Fomu nakuwekea humu ndani. Haina kazi tena kwa mtu yeyote. Swali la saba nimelifuta. Lijaze wewe.

Rejoice


Njombe,
16 Novemba 2025

Rejoice,

Sitaandika habari za mvua.

Nimeijaza na naituma. Lakini ile nafasi waliyoacha ni ndogo, hivyo naandika hapa pia.

Jibu ni ndiyo. Ilikuwa Januari 1994, ulikuwa na miezi saba. Mama yako Jane alikuwa amelazwa baada ya upasuaji, baba yako yuko Mufindi anapasua mbao. Ulihara siku nne, na dawa ya zahanati ulikuwa unaitapika. Jirani akaniambia nibonyeze fizi. Nilibonyeza nikaona kitu cheupe. Mimi, niliyekuwa nafundisha watoto wa watu wasiamini kila wanachoambiwa, niliamini palepale kwa sababu niliogopa utafia mikononi mwangu mama yako akiwa hospitali.

Nilikubeba mgongoni mpaka kwa mama mmoja wa kijiji cha pili, sasa ni marehemu. Alichoma spoku kwenye moto. Akaniambia nikushike vizuri. Nilikupakata, mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine kwenye kidevu. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unanijua, ukadhani tunacheza kama tulivyokuwa tukicheza kila jioni. Ulicheka mpaka spoku ilipoingia. Alichimba mara sita. Nilihesabu.

Kidonda kilioza. Taya lilivimba, nikakupeleka hospitali, wakakuchoma sindano wiki tatu ukapona. Jane aliporudi nilimwambia ni homa ya fizi. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Alinishukuru kwa kukuponya, akaninunulia kitenge. Kipo kwenye sanduku, sijawahi kukivaa hata siku moja.

Kila ulipoziba mdomo kwa mkono nilikuwa naona. Ulipokuwa darasa la kwanza kwangu nilikuwa nakupangia kusoma mwisho, wenzako wakiwa wameshatoka, watu wakasema nakupendelea.

Barua yako ya Machi niliilalia. Niliandika ndiyo, nikachana. Niliandika tena, nikachana. Nilijua ukisoma ndiyo utauliza nani, hata kama ulisema hutauliza. Nikajidanganya kwamba huyo daktari ni bingwa, atafaulu na siku kumi na mbili zake, na hili nitaondoka nalo mimi. Nilijali jina langu la shangazi kuliko taya lako, kwa mara ya pili. Ya kwanza nilikuwa sijui. Hii ya pili nilijua, maana uliniandikia wewe mwenyewe wazi kwamba miti inatosha njia moja.

Naumia sana na sina haki ya kukwambia naumia. Usiniite tena shangazi kama huwezi. Usijibu kama huwezi.

Priska


Makambako,
14 Desemba 2025

Shangazi,

Salamu sijui nianze na ipi, kwa hiyo nimeanza na jina lako lilelile, kwa kuwa sina jingine.

Fomu niliituma India. Daktari amejibu kwa mistari mitatu. Kwanza nipone, miaka miwili. Kisha mfupa wa kujazia, halafu kukaa kule miezi minane au zaidi, na hata hapo haahidi. Mimi na Aron tumepanda misindano upya wiki iliyopita, mvua ilikuwa nzuri. Ikifika wakati wa kukatwa nitakuwa nimepita miaka hamsini. Basi ule mpango wa kukaa muda gani umekwisha, nakaa hapa. Januari ni darasa la tano tena. Darasa la kwanza wamempa mwalimu mpya, msichana wa watu anatamka vizuri.

Sijakusamehe. Nimejaribu, naona bado haiji, na sitaki kukuandikia uongo, umeshatutosha.

Wiki jana Anneth alipata homa, meno yanamtoka. Jirani wa Jasmine akaja akambonyeza fizi, akaanza kusema anamjua mtu. Nilimsogelea nikafungua mdomo wote, nikakaa hivyo mpaka akaangalia pembeni. Akaaga. Homa ilikwisha kwa dawa ya kituo cha afya.

Leo mchana nilikuwa nimempakata. Ana vijino viwili vya chini, na ukimpulizia tumboni anacheka kwa sauti, mdomo wazi, mate yanamtiririka, hajali. Nikakumbuka ulichoandika. Sikujua kama na mimi niliwahi. Nimetafuta kwenye picha zote za mama. Ninazo kumi na moja, na katika zote mkono uko mdomoni au uso umegeuka. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyeniona nikicheka hivyo. Umebaki wewe peke yako, na wewe una miaka sabini na moja.

Kwa hiyo niandikie. Sitaki ya spoku, hayo nimeyasoma. Niandikie ya kabla yake, zile jioni tulizokuwa tukicheza. Ulikuwa unanifanya nini ndipo nicheke, nilikuwa nachekaje, na sauti yangu ilikuwaje. Usichukue wiki tatu.

Rejoice